Mgonjwa Aombe au Alie? Mjadala wa Uponyaji, Huruma na Maombolezo

Maombi ya wagonjwa katika Biblia mara nyingi huanza kwa malalamiko. Mwenye Zaburi ya 6 anaeleza jinsi kitanda chake kinavyolowa machozi usiku. Wa Zaburi ya 38 anataja vidonda vyake vinavyonuka na rafiki wanaosimama mbali naye. Wa Zaburi ya 41 anajua kabisa kwamba wanaokuja kumjulia hali wanatoka nje na kumsengenya. Watu hawa wanaomba kuponywa, na kilio chao ndicho ombi lenyewe. Katika makanisa mengi ya leo mambo hayo yametenganishwa: kulia kumeachiwa msiba, na kuponywa kumewekwa katika ibada ya maombezi, ambako mgonjwa hufundishwa kukiri ushindi na kutotamka neno la unyonge. Ndipo linapozaliwa swali linalogusa kila nyumba yenye mgonjwa: je, anayemlilia Mungu kwa uchungu, hata akamuuliza mbona amemwacha, amepungukiwa imani?

Sauti tatu zinalijibu swali hili, na zote zinasikika popote Wakristo wanapouguza. Ya kwanza ni ya Mchungaji wa kanisa la kilokole anayeongoza ibada za maombezi. Ya pili ni ya Katekista mzee wa Kikatoliki, aliyezoea kusali zaburi na wanaokaribia kufa. Ya tatu ni ya Muuguzi wa hospitali ya misheni, Mlutheri, ambaye huwapokea wagonjwa kabla ya maombezi na baada yake. Hakuna kati yao anayekana kwamba Mungu anaponya. Wanatofautiana juu ya njia ambayo mgonjwa anapaswa kupita ili amfikie.

Mchungaji anaanza na tabia ya Mungu mwenyewe. Baada ya kuvuka bahari, Israeli wanaambiwa katika Kutoka 15 kwamba Bwana ndiye anayewaponya. Uponyaji, kwa hiyo, umo ndani ya agano tangu mwanzo. Mathayo 8 inasimulia jioni moja Kapernaumu ambapo wote waliokuwa hawawezi waliponywa, na mwinjili analifungamanisha jambo hilo na mtumishi wa Isaya 53 aliyechukua udhaifu wetu. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anaambiwa kuwa imani yake imemponya. Bartimayo kipofu anaambiwa vivyo hivyo pale Yeriko. Na Nazareti, kwa mujibu wa Marko 6, Yesu hakufanya miujiza mingi, akastaajabia kutoamini kwao. “Sasa mzee wangu,” Mchungaji anamwambia Katekista, “kama kutoamini kuliweza kuzuia kazi nyumbani kwake mwenyewe, mimi nitawaachaje watu wangu waseme kila mashaka yanayowapitia kichwani?”

Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Watu wengi wamezoeshwa kuukubali ugonjwa kana kwamba Mungu hana neno juu yake, na mahubiri ya namna hii yamewaamsha kuomba tena. Kanisa Katoliki lenyewe lilikuwa limeusogeza mpako wa mafuta hadi dakika ya mwisho ya uhai, hata familia nyingi zikaogopa kumwita padre, maana kuja kwake kulimaanisha kifo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, ulitaka sakramenti hiyo iitwe mpako wa wagonjwa na isingoje mtu akate roho. Papa Paulo VI akaipa utaratibu mpya mwaka 1972. Katekista anayajua haya na anakiri kwamba walokole walikuwa wanaombea wagonjwa kwa matarajio wakati parokia nyingi zilikuwa zinawaandalia mazishi.

Jibu lake halianzi na uponyaji bali na kitabu cha Zaburi. Kati ya zaburi 150, theluthi moja au zaidi ni za maombolezo, za mtu mmoja au za taifa zima. Hakuna aina nyingine iliyo nyingi kuliko hiyo. Mtaalamu wa Kijerumani Hermann Gunkel, aliyezipanga zaburi kwa aina zake mwanzoni mwa karne ya 20, alionyesha kwamba maombolezo yana mwendo unaojirudia: mtu anamwita Mungu, anamlalamikia, anamwomba, anatamka tumaini lake, kisha anaahidi kumsifu. Zaburi ya 13 inamaliza mwendo huo wote kwa aya sita, na katika aya mbili za kwanza mwombaji anauliza mara nne mateso yake yataendelea hadi lini. Kwa Katekista, idadi hiyo ni fundisho tosha. Asiyeamini hana wa kumuuliza. Anayerudia swali mara nne mbele ya Mungu yule yule ameshikamana naye.

Mfano anaoupenda zaidi ni wa mfalme Hezekia, katika 2 Wafalme 20 na Isaya 38. Nabii Isaya anamletea habari kwamba atakufa, aitengeneze nyumba yake. Hezekia anaugeuzia uso ukuta, anaomba, analia sana. Isaya hajatoka mbali anarudishwa na jibu kwamba Mungu ameyasikia maombi na ameyaona machozi. Mfalme anaongezewa miaka 15. Kisha nabii anaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ndani ya kisa kimoja kifupi yamo maombi, machozi, neno la nabii na dawa, na hakuna kinachomfukuza mwenzake. Isaya 38 inahifadhi pia maandishi ya Hezekia baada ya kupona, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni kilio: anasimulia alivyolalama kama ndege na macho yake yakachoka kutazama juu. Aliyekwisha kupona bado aliona vema kuandika jinsi alivyolia, na maandishi yake yakawa sehemu ya Maandiko.

Mchungaji halipuuzi jambo hili, ila analigeuza. Maombolezo ya zaburi, anasema, yana mlango wa kutokea. Yanaanza chini na kuishia katika sifa, na kazi ya mchungaji ni kuwafikisha watu mlangoni badala ya kuwaacha wakae ukumbini. Anamtaja Daudi wa 2 Samweli 12: mtoto alipokuwa mgonjwa, Daudi alifunga na kulala chini, mtoto alipokufa siku ya saba, aliinuka, akaoga, akaenda kuabudu, akala. Kulia kuna wakati wake, kisha kunakoma. Na Paulo amewaonya Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini.

Katekista anampa Daudi wake, halafu anamletea Rizpa. Katika kitabu hicho hicho, sura ya 21, wana wawili wa mwanamke huyu wanauawa na Wagibeoni pamoja na wajukuu watano wa Sauli. Rizpa anatandika gunia juu ya mwamba, anakaa na maiti tangu mavuno yanapoanza hadi mvua inapowanyeshea, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuna anayemwambia inatosha. Habari zake zinamfikia mfalme, naye anaikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani pamoja na ya hao waliouawa. Mifupa ya Sauli na mwanawe inazikwa kwa heshima katika kaburi la baba yake Sauli, na baada ya hayo, msimulizi anasema, Mungu akakubali kuombwa kwa ajili ya nchi. Kilio kisichokoma cha mama mmoja ndicho kilichoirudisha nchi katika maombi. Kuhusu Wathesalonike, Katekista anaona onyo la Paulo linahusu namna ya kuhuzunika, wala halikatazi huzuni. Kanisa la kwanza halikulielewa kama katazo: Stefano alipopigwa mawe, Matendo 8 inasema watu watauwa walimzika na kumfanyia maombolezo makubwa, ingawa wengine wangeweza kusema kwamba alikufa akiiona mbingu imefunguka, basi kulia kwa nini.

Tena kuna maombolezo yasiyofika mlangoni. Zaburi ya 88, ya mtu aliyeumwa tangu ujana wake, inaishia gizani bila neno la faraja. Kitabu cha Maombolezo kilizaliwa katika maangamizi ya Yerusalemu mikononi mwa Wababeli karne ya 6 KK, na utunzi wake una nidhamu ya ajabu: sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina aya 22 kila moja, zikifuata herufi 22 za Kiebrania, na ya 3 ina aya 66, tatu kwa kila herufi. Katikati ya sura hiyo ya tatu ndipo panapopatikana tamko mashuhuri la kitabu kizima juu ya huruma za Mungu zisizokoma, zinazopambazuka upya kila asubuhi. Wengi hulisoma peke yake. Lakini mshairi hakuishia hapo. Alirudi kulia kwa sura nyingine mbili, na sura ya 5 ina aya 22 bila mpangilio wa herufi, kisha inafungwa kwa shaka kwamba huenda Mungu amewakataa kabisa. Wayahudi wanapokisoma kitabu hiki katika siku ya 9 ya mwezi wa Abu hurudia aya ya kabla ya mwisho ili wasimalizie hapo. Walijua uzito wa mwisho huo, na hawakuufuta.

Mpaka hapa mjadala ungeweza kubaki baina ya viongozi wawili wa dini wakipimana kwa aya. Muuguzi anauhamishia wodini. Anasema kinachomsumbua ni lile linalompata mgonjwa pale uponyaji unapochelewa, akaanza kujichunguza yeye alikosea wapi. “Mchungaji, huyu mama anakuja kwangu na kansa imeshaenea, na juu ya kansa amebebeshwa hatia. Anaogopa kusema anaumwa, maana kusema anaumwa ni kukiri kushindwa. Namuuliza maumivu yako wapi, ananijibu amepona kwa jina la Yesu, na jasho linamtoka.”

Swali analoliuliza Muuguzi ni hili: imani inayodaiwa katika visa vya uponyaji ni ya nani? Na hapa Maandiko yanajibu tofauti na mazoea ya majukwaa mengi. Katika Marko 2 mtu aliyepooza anateremshwa kupitia darini na watu wanne, na Yesu anaiona imani yao, wale waliombeba. Mwenyewe hasemi neno. Katika Mathayo 17 mtoto mwenye kifafa anashindikana kuponywa, na Yesu anawalaumu wanafunzi wake, waliojaribu kumponya, kwa uhaba wa imani. Mtoto halaumiwi, wala baba yake, ambaye katika Marko 9 anakiri kuamini na kutoamini kwa pumzi moja na bado anapewa alichoomba. Yakobo 5, andiko linalosomwa katika karibu kila ibada ya kupaka mafuta, inamwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Wao ndio wanaomwombea na kumpaka, na maombi ya imani yanayotajwa katika aya inayofuata ni maombi ya hao walioitwa. Huko Naini, katika Luka 7, mjane hakuomba kitu na mwanawe alikuwa maiti. Kilichomsukuma Yesu ni huruma aliyomwonea yule mama.

Kwa hiyo, kama kuna wa kuulizwa juu ya imani pale mgonjwa asipopona, Maandiko yanaelekeza swali kwanza kwa waombaji. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote katika mjadala mzima, na Mchungaji, ambaye si mtu mbaya, anaipokea kwa kimya kabla ya kuijibu.

Jibu lake ni Bethzatha, birika la Yohana 5. Yule mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 aliambiwa baada ya kupona kwamba asitende dhambi tena, lisije likampata la kuzidi. Basi ugonjwa na dhambi vinaweza kuhusiana, na mchungaji asiyeuliza atakuwa anafunika kidonda chenye usaha. Muuguzi anakubali kwamba vinaweza, kama kila mhudumu wa wodi ya majeruhi wa pombe anavyojua. Lakini anaomba kisa chote kitazamwe. Yesu alipomuuliza mtu yule kama anataka kuwa mzima, hakujibu kwa imani. Alijibu kwa malalamiko kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kila anapokwenda mwingine anamtangulia. Hakumjua hata aliyemponya. Onyo lilikuja baadaye, hekaluni, akiwa anatembea. Halikuwa sharti la kupona. Na sura nne mbele, wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake, Yesu anayakataa majibu yote mawili.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu zake za karibu katika suala hili. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kilichotolewa kwa shilingi 500 na Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) aliyejulikana kama Babu, ambaye alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Magari yalijipanga kwa kilomita nyingi katika barabara mbovu. Walikuwamo wagonjwa mahututi, na baadhi yao walifia njiani au foleni. Waliripotiwa pia walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona. Babu alifariki Julai 2021. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Februari 2020, watu 20 walikufa mjini Moshi katika msongamano wa kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa.

Mchungaji anaonya kwamba matukio haya yasitumiwe kuwacheka waliokwenda, na hapo wote watatu wanaungana. Foleni ya Loliondo ilikuwa ombolezo la nchi nzima, ingawa hakuna aliyeliita hivyo. Watu wenye kisukari, saratani na virusi, ambao hospitali zilikuwa mbali au ghali, walikuwa wanasema kwa miguu yao kile mwenye Zaburi ya 13 alichosema kwa kinywa. Palipokosekana ibada ya kuulizia hadi lini, palibaki kikombe. Muuguzi anaongeza kwamba kosa halikuwa kutafuta msaada wa Mungu, ila kuambiwa kwamba msaada huo unaidai dawa nyingine iachwe.

Juu ya matabibu, Maandiko yenyewe yana sauti zaidi ya moja. 2 Nyakati 16 inamlaumu mfalme Asa kwa kuwatafuta waganga bila kumtafuta Bwana. Marko anasema yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 aliteswa na waganga wengi hata akazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye mapokeo yanamtambua kama yule tabibu wa Wakolosai 4, anasimulia kisa hicho hicho kwa upole zaidi juu ya waganga. Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Msamaria wa Luka 10 anatia mafuta na divai katika jeraha, kisha anamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili za matunzo. Huruma yake inapimika kwa dawa na fedha. Katekista anaongeza Yoshua bin Sira 38, kitabu ambacho Biblia ya Mchungaji haina, kinachoagiza tabibu aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba na aliyeitoa dawa katika ardhi, na kinachosema kwamba tabibu naye humwomba Mungu afanikiwe. Ajabu ni kwamba sura hiyo hiyo, baada tu ya tabibu, inageukia maiti na kuagiza machozi yamwagike juu yake. Mwandishi wa kale aliona kitanda cha mgonjwa na jeneza ni mambo ya mazungumzo mamoja.

Denis Mukwege, daktari wa Bukavu aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, ni mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia jinsi akiwa mtoto alivyofuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza kwa nini asimpe dawa pia. Baba alimweleza kwamba kazi hiyo ni ya waliosomea. Mtoto akaazimia kuisomea, ili baba aombe naye atibu. Hospitali ya Panzi aliyoianzisha mwaka 1999 imewatibu maelfu ya wanawake walioharibiwa kwa ubakaji wa vita. Muuguzi anakitaja kisa hiki bila kumshinda Mchungaji kwacho, kwa maana baba yule hakuacha kuomba.

Neno ambalo wote watatu wanaliendea, kila mmoja kwa upande wake, ni huruma. Katika Injili, karibu kila anayepaza sauti kuomba huruma ya Yesu ni mgonjwa au mzazi wa mgonjwa: Bartimayo, wakoma kumi wa Luka 17, vipofu wawili wa Mathayo 9, mama Mkanaani, baba wa mtoto mwenye kifafa. Katekista anasisitiza kwamba ombi hilo ndilo linaloanza Misa kila Jumapili. Waumini wazima wa mwili huazima midomo ya wakoma na vipofu. Wala hawa hawakuomba kwa adabu ya kanisani. Bartimayo aliambiwa anyamaze akazidi kupiga kelele, na Yesu alisimama. Anapoambiwa kwamba imani yake imemponya, imani inayosifiwa ni ile iliyokuwa ndani ya kelele. Andiko alilolitumia Mchungaji mwanzoni linarudi hapa likiwa upande wa kilio, naye Mchungaji anaona.

Ushahidi wa wazi zaidi umefichika katika barua ambayo wengi huisomea furaha. Katika Wafilipi 2 Paulo anaeleza kwamba Epafrodito aliugua karibu na kufa, ila Mungu alimhurumia, na si yeye peke yake bali Paulo pia, asije akapata huzuni juu ya huzuni. Ndani ya aya moja uponyaji, huruma na huzuni vimekaa pamoja. Paulo haiiti afya ya Epafrodito malipo ya imani; anaiita huruma. Wala haoni haya kukiri kwamba kifo cha ndugu huyo kingemliza. Mtume huyo huyo, katika 2 Timotheo 4, anasema alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, bila kumlaumu Trofimo wala kujieleza.

Mchungaji anauliza juu ya mwiba ambao Paulo anasema alipewa katika mwili, katika 2 Wakorintho 12: je, una hakika ulikuwa ugonjwa? Wafasiri wengine wanaona ni maadui waliomwandama. Katekista anakubali kwamba jambo hilo halijakatwa, na halihitaji kukatwa, kwa kuwa Wagalatia 4 inaeleza wazi kwamba Paulo aliwahubiri mara ya kwanza kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Kilicho dhahiri kuhusu mwiba ni kwamba aliomba mara tatu uondoke na haukuondoka, akapewa jibu la neema badala yake. Mara tatu ni kusihi kwa mtu aliyeumia. Yesu pia alisali mara tatu Gethsemane.

Kati ya vitabu vyote, Ayubu ndicho kinachohukumu waziwazi namna ya kuzungumza mbele ya mgonjwa. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema. Hadi hapo walikuwa rafiki wa kweli. Walipofungua vinywa walianza kutafuta dhambi iliyoleta majipu, na kadiri Ayubu alivyokana ndivyo walivyozidi kumwonea mashaka. Ayubu alimshtaki Mungu kwa maneno ambayo hakuna mchungaji angeyaruhusu katika kipaza sauti. Lakini katika sura ya 42 Mungu anasema rafiki hao hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena, anawaagiza watoe sadaka ya ng’ombe saba na kondoo waume saba, na wamwendee Ayubu awaombee. Mtu aliyelalamika ndiye anayefanywa mwombezi wa waliodhani wanatetea mafundisho sahihi. Mchungaji anakumbusha kwamba Ayubu alitubu katika mavumbi. Ni kweli, na hukumu juu ya rafiki zake ilitolewa baada ya toba hiyo, kwa hiyo toba haikuyafuta malalamiko yake.

Kwa Yesu mwenyewe sauti zote zinakutana. Yohana 11 inasema alijua atakachofanya kwa Lazaro kabla hajafika Bethania. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa zamu yake, walimlaumu kwamba angalikuwapo ndugu yao asingekufa, naye hakuwakemea. Alilia. Kama kuna aliyekuwa na sababu ya kusema machozi hayana haja kwa kuwa ushindi umekaribia, ni yeye dakika ile. Msalabani alipaza maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22, mojawapo ya maombolezo ya Israeli. Mchungaji anasema zaburi hiyo inaishia katika sifa, na Yesu aliijua yote. Katekista anajibu kwamba kati ya aya zote alichagua ile ya kwanza. Mafundisho ya mitume hayakuliacha jambo hili nyuma ya ufufuo: Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua, waamini wanaugua, na Roho naye anaombea kwa kuugua kusikotamkika. Katika Ufunuo 6 wafia imani, wakiwa tayari chini ya madhabahu ya mbinguni, bado wanauliza hadi lini. Machozi yanafutwa katika sura ya 21, na anayeyafuta ni Mungu.

Emmanuel Katongole, padre na mwanateolojia wa Uganda, alichapisha mwaka 2017 kitabu juu ya maombolezo katika mashariki ya Kongo na kaskazini mwa Uganda. Anadai kwamba katika maeneo hayo yaliyochanwa na vita, tumaini la Kikristo limezaliwa ndani ya kilio, na kwamba kumlilia Mungu hadharani ni namna ya kukataa kuyazoea mauaji. Hoja yake inampa Mchungaji kitu ambacho hakukitarajia, kwa kuwa yeye pia anapigana na watu kuyazoea mateso. Kumbe kilio kinaweza kuwa silaha ya vita hiyo hiyo.

Yapo ambayo watatu hawa wanakubaliana mwishoni, nayo ni ya utendaji. Ibada ya maombezi itangulizwe na zaburi ya maombolezo, isomwe taratibu na kanisa zima. Wenyeji wa lugha hii husema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na Warumi 12 inawaagiza waamini walie pamoja nao waliao. Mgonjwa asiulizwe mbele za watu kama anaamini. Waulizwe wazee wanaompaka mafuta. Hakuna dawa itakayosimamishwa bila kauli ya daktari. Asiyepona atembelewe, na mpako urudiwe, kama Kanisa Katoliki linavyoruhusu kurudia hali inapozidi.

Linalobaki ni ushuhuda. Muuguzi anataka asiyepona naye asimame mbele na kusema hali yake. Mchungaji anakataa: waliokuja mara ya kwanza watavunjika moyo, na zaburi kama ya 88 ni ya kusomwa na mgonjwa akiwa na mchungaji wake chumbani. Katekista anafungua ukurasa na kumwonyesha maelezo yaliyo juu ya zaburi hiyo: imetajwa kuwa wimbo wa wana wa Kora, ikakabidhiwa mwimbishaji, yaani kiongozi wa waimbaji wa hekalu, iimbwe mbele ya watu wote.